Boda Imekwisha

Mume Wangu alikuwa hewani.

Ndiyo, msomaji, pale pale ulipokunja gazeti wiki jana ukalifungia maandazi. Pikipiki ya Nusura, ile nyekundu yenye maandishi MUME WANGU kwenye madigadi ya nyuma, ilikuwa imebebwa juu juu na vijana wa boda wa Malaba kama jeneza la tajiri. Chini yake ukuta wa daraja. Chini ya ukuta, mto.

"Moja!" akapaza sauti Ochom, naibu mwenyekiti wa steji yao ya boda.

"Ochom, usithubutu!"

"Mbili!"

Kama wiki jana hukuwepo, ulichokosa ni kiama kidogo tu. Rais wa nchi, Mheshimiwa Elkana Mwandoe, alishuka Malaba na ndege yake, akapanda jukwaani kwenye uwanja wa forodha, akatoa kauli mbili. Ya kwanza: njia zote za panya kando ya mto zifungwe, na atakayepita huko akamatwe, "hata akiwa nani!" Watu wakapiga makofi ya adabu, hasa wale waliofika mkutanoni kwa njia hizo hizo. Ya pili aliitoa akiwa ameinua mkono, jasho likimtiririka: "Kuanzia leo, hapa Malaba na kule Busia, boda imekwisha! Nimeifuta!"

Alikuwa na maana ya mpaka. Lakini huku kwetu nani husema mpaka? Tangu enzi za baiskeli, vijana walipokuwa wakibeba wasafiri kutoka geti la Kenya hadi geti la Uganda huku wakiita "boda, boda!", mpaka na chombo cha kuuvukia vimetumia jina moja, kama ndugu wawili wenye suruali moja ya kuendea harusi.

Na neno hilo Rais alipewa na nani? Na Nusura mwenyewe, mwenyekiti wa steji. Mwandishi wa hotuba, kijana Mulama, mzaliwa wa Sigalame hapa jirani aliyekaa Nairobi mpaka akasahau lugha ya nyumbani, alimwita wakanywa chai, akamuuliza, "Dada, Rais akisema 'mpaka umekwisha', watu wataelewa?" Nusura akacheka. "Watamuuliza mpaka lini. Andika boda."

Mulama akaandika boda. Haya sasa.

"Ta—"

"Ochom! Nikuulize swali moja tu, halafu utupe!"

Ochom akasita. Huo ndio udhaifu wake, hawezi kuacha swali lipite bila kulijibu.

"Ulimsikia Rais akitaja pikipiki?"

"Alitaja boda."

"Na boda ni nini?"

"Kwani mimi hapa naendesha nini? Ngamia?"

"Boda ni mpaka, wewe! Amefuta mpaka!"

"Mpaka lini?"

Nusura, nusura ajitupe mtoni yeye mwenyewe.

"Mmemsikia?" Ochom akawageukia wenzake. "Chai ya mtu wa Nairobi amekunywa. Mandazi yake amekula. Sasa anatuletea Kiswahili cha mtihani!"

"Ametuuza!" wakaitikia waliobeba mbele.

"Na hii kitu ni nzito!" wakaitikia waliobeba nyuma.

Msomaji, usione ni chuma tu. Mume wa kwanza wa Nusura alivuka kwenda Mbale kununua nyanya, na hadi leo hajarudi yeye wala nyanya. Huyu wa pili hanywi ila petroli, halali nje, na ukimpiga teke anaamka. Ndiye aliyesomesha watoto na ndiye anayelisha nyumba. Akienda mtoni huyu, nyumba yote imeenda naye.

"Basi sikia, mwenyekiti," Ochom akasema. "Boda imefutwa na mdomo wa Rais. Irudishwe na mdomo huo huo kabla ndege yake haijapaa. Ikipaa, mumeo anaenda kuogelea."

Wakaiegemeza pikipiki juu ya ukuta, gurudumu la mbele likining'inia upande wa maji.

Nusura akatoka mbio, mtandio ukipepea nyuma, buti za mpira zikipiga lami kama mtu anayetwanga. Akamkuta Mulama nyuma ya jukwaa, amelowa kana kwamba yeye ndiye aliyetupwa mtoni.

"Wewe dada! Uliniambia wataelewa!"

"Wameelewa. Hiyo ndiyo shida."

"Sasa nifanye nini?"

"Panda umwambie arekebishe!"

Mulama akapanda akamnong'oneza Rais sikioni. Hapo ndipo mambo yalipotoka kuwa mabaya yakaenda kuwa mabaya zaidi. Rais Mwandoe ni Mtaita, Kiswahili chake kimepigwa pasi, lakini kauli yake ni kama jino: ikitoka kinywani hairudi. Na Mulama kwa hofu alisema maneno machache mno: "Mheshimiwa, kuhusu boda, watu hawajaelewa vizuri."

"Naambiwa kuna watu hawajaelewa kuhusu boda!" Rais akanguruma. "Basi nafafanua! Boda tuliletewa na wakoloni!"

"Kumbe?" akashangaa mama mmoja muuza ndizi. "Mimi nilidhani zinatoka India."

"Boda imetenganisha ndugu na ndugu!"

"Hapo ni kweli," akasema mzee aliyekuwa kando yake. "Mdogo wangu alichukua yangu akasema anaenda Bumala mara moja. Sijamwona tena."

"Boda imechelewesha mizigo na wagonjwa!"

"Uongo!" ikavuma sauti kutoka darajani. "Mkeo akishikwa na uchungu utamweka kwa ndege?"

"Na hao wanaoshinda hapa kutwa wakiwanyonya wananchi kwa sababu ya boda, watafute kazi nyingine!"

Alikuwa akiwasema madalali wa makaratasi ya forodha. Lakini nani atamwamini? Mngurumo ulipasuka darajani, na Nusura akaliona gurudumu la nyuma la mumewe likianza kuinuka polepole, kama ng'ombe anayesimama.

Akafanya jambo ambalo halimo kwenye ratiba yoyote ya serikali. Akapanda jukwaani.

Walinzi wawili wakamkamata kizibao chake cha rifleksa. Rifleksa ikabaki mikononi mwao, Nusura akaendelea na safari. Akampita Naibu Rais, Mheshimiwa Alinga, mtu mpole ambaye tangu uchaguzi hajawahi kupewa maikrofoni, akakanyaga zulia jekundu kwa buti zenye tope, akasimama mbele ya Rais.

"Mheshimiwa! Boda ni ile!"

Rais akatazama kidole, akakifuata hadi darajani.

"Ile pikipiki?"

"Ile ndiyo boda."

"Na ile niliyoifuta?"

"Hiyo pia ni boda."

"Sasa mimi nimefuta ipi?"

"Zote mbili, Mheshimiwa."

Rais akamgeukia Mulama. Mulama akakigeukia kiatu chake.

Lakini mtu hafiki Ikulu kwa kujikwaa. Katika muda wa kumeza mate, Rais Mwandoe alikuwa ameshavaa tabasamu lake la kwenye mabango.

"Ni nani anasema mimi nachukia boda?" akaiuliza maikrofoni, kana kwamba maikrofoni ndiyo iliyosema. "Boda nazipenda! Boda ni uchumi! Leteni ile pale, niipande sasa hivi!"

Daraja zima likalipuka.

Usiniulize ilivyoshuka ukutani. Nijuavyo ni kwamba Ochom mwenyewe ndiye aliyeileta akikokota, akipangusa kiti kwa shati lake na kusema njia nzima, "Nilisema mimi! Sikusema? Huyu Rais ni mtu wetu!"

Nusura akapanda, akampiga mumewe teke la asubuhi, mume akaamka. Rais akainua mguu.

"Ngoja," Nusura akasema. "Abiria bila helmeti sibebi."

"Mama, mimi ni Rais."

"Ndiyo maana. Ukianguka wewe, nitaulizwa mimi."

Helmeti ya akiba ilikuwa moja tu, ya waridi, yenye stika za maua, iliyosahauliwa na mpambe wa bibi harusi. Rais akaivaa. Tangu nchi ipate uhuru, helmeti haijawahi kupigwa picha nyingi hivyo.

Makubaliano yalikuwa kuzunguka uwanja mara moja, basi. Lakini umati ukifungua njia hauulizi unaenda wapi. Wa kulia walisukumana, wa kushoto walisukumana, na mwanya uliobaki ulikuwa mmoja: darajani. Nyuma yao ikaunga steji nzima ya Malaba, honi juu. Nyuma ya steji, magari ya walinzi wa Rais yakakwama kwenye lori la saruji ambalo dereva wake aliliacha katikati ya barabara akaenda kumtazama Rais.

"Mama, geuza," Rais akasema sikioni mwa Nusura.

"Nigeuzie wapi? Nyuma kuna steji."

"Basi simama."

"Nikisimama watatupanda."

"Hapa ni wapi?"

"Daraja."

"Na kule mbele?"

"Uganda."

Rais akageuka, akaitazama Kenya ikibaki nyuma. Msomaji, ungempiga picha.

Kwenye kizuizi cha upande wa pili alisimama Afande Akiteng, mwanamke aliyenyooka kama mlingoti wa bendera, na asiyecheka mpaka bendera icheke kwanza. Akainua kiganja. Mume Wangu akasimama. Steji nzima ikasimama.

"Nyabo, mama, habari. Huyo abiria wako, ndagamuntu yake iko wapi?"

"Huyo si wa Uganda, afande. Ni wa kwetu."

"Basi kitambulisho ya kwenu."

Rais akavua helmeti. Nywele zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua. Akatabasamu.

"Afande, kitambulisho changu ni sura yangu. Inatundikwa ukutani katika kila ofisi."

Akiteng akageuka taratibu, akatazama ndani ya ofisi yake. Kweli, ukutani palikuwa na picha ya Rais. Rais wao. Akaitazama picha, akamtazama mtu, akarudi kwenye picha.

"Hamfanani," akasema.

"Mimi ni Rais wa Kenya!"

"Wiki hii wewe ni wa pili."

"Nimetangaza sasa hivi, hukusikia? Boda imekwisha!"

"Boda iko na pande mbili, ssebo, bwana. Hiyo umemaliza ni ya kwenu. Hii ya kwetu bado nzima."

Ochom akajipenyeza mbele, mikono nyuma, heshima imemjaa ghafla. "Yoga, shangazi!" akasalimu kwa Kiteso.

Kweli, alikuwa shangazi yake. Wateso mto haukuwauliza ulipopita katikati yao.

"Shangazi, huyu kweli ni Rais wetu. Mimi nathibitisha."

"Wewe Ochom," Akiteng akasema bila kupandisha sauti, "si wewe mwezi jana ulithibitisha yule mtu wa magunia ni askofu?"

"Alikuwa na msalaba, shangazi."

"Na mayai. Askofu gani anatembea na gunia nne ya mayai?"

Ochom akarudi nyuma. Na kwa kuwa ushahidi wa Ochom ulikuwa umeharibu hata kile kidogo kilichokuwepo, Akiteng akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa Mume Wangu, akautia mfukoni.

"Umebeba mtu bila kitambulisho. Pikipiki inakaa hapa mpaka nimjue huyu ni nani."

"Mpaka lini?" akauliza Ochom, kwa mazoea.

Nusura akaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Asubuhi nzima amepigana mumewe asitupwe mtoni, kumbe anaenda kufungwa ugenini! Na pikipiki iliyofungiwa nyuma ya ofisi ya boda, kila mtu Malaba anajua, huanza kutoka vioo, zikafuata tairi, na mwishowe unarudishiwa namba ya usajili na pole.

"Mheshimiwa, piga simu!"

"Simu yangu hubebwa na Mulama."

"Na Mulama yuko wapi?"

"Kenya," Rais akasema kwa huzuni, kama mtu anayetaja nchi ya mbali.

Ndipo vipaza sauti vya ng'ambo vilipokohoa. Sauti iliyotoka haikuwa imewahi kusikika. Ilikuwa ya mtu mpole aliyengoja muda mrefu.

"Ndugu wananchi! Mimi ni Naibu Rais, Alinga. Nawaarifu kwamba Rais wetu amesafiri nje ya nchi."

Rais akanyoosha shingo kutazama ng'ambo.

"Na Rais akiwa nje, kazi hushikwa na nani?"

"Wewe!" umati ukajibu. Umati ukiulizwa hujibu, ndiyo kazi yake.

"Basi kauli yangu ya kwanza ni hii: nimesikia kilio chenu. Boda imerudi!"

Loo! Vijana wa steji waliruka, wakakumbatiana, Ochom akamkumbatia shangazi yake na kuachwa akiwa amekumbatia hewa. Boda imerudi! Kazi imerudi! Alinga juu!

Lakini kuna waliolisikia neno hilo kwa sikio lingine. Maafisa wa geti la Kenya, watu watiifu, walikuwa wameinua kizuizi chao tangu Rais alipotangaza boda imekwisha, wakakaa kivulini na soda. Sasa mkuu mpya amesema boda imerudi. Wakainuka. Wakajifuta midomo. Kizuizi kikashuka: kwaa!

"Umesikia mwenyewe," Akiteng akamwambia Rais. "Boda iko. Kitambulisho."

Hapo pakachafuka. Wenye boda walivuka bila vitambulisho, nani angebeba kitambulisho kwenye shangwe? Madereva wa malori wakaanza kupiga kelele, wauza kuku wakawahi kwa kuku wao, kila mtu akamzunguka Akiteng akitaka kujua ni boda gani imerudi na ni boda gani imekwisha. Mlingoti ukamezwa na watu.

Rais akainama sikioni mwa Nusura. "Mama, huyu Alinga nikimwachia hiyo maikrofoni mpaka jioni, sina nchi. Hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani?"

"Iko."

"Ipi?"

"Uliifunga asubuhi."

Rais akafumba macho. "Ya panya?"

"Ile ile. Nyuma ya lile shamba la mihogo. Maji hayapiti magoti." Nusura akakunja mikono. "Lakini mume wangu simwachi huku. Nikikupitisha, tunaenda sote."

"Mume wako naye yuko hapa? Yuko wapi?"

"Umemkalia."

Rais akashuka kwa haraka, akamwomba radhi.

"Na ufunguo?" akauliza. "Ufunguo uko kwa afande."

"Huyu ukimwamsha ndiyo anataka ufunguo. Ukimsukuma hasemi kitu."

Basi nani alisukuma? Nusura alishika usukani. Aliyebaki nyuma, helmeti ya waridi kichwani ili asitambulike, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, kifua kwenye madigadi, alikuwa Amiri Jeshi Mkuu. Wakakata kona ya ofisi, wakapita mihogo, wakateremka.

Kina mama waliokuwa wakifua nguo maweni wakainua vichwa.

"Nusura! Huyo utingo umemtoa wapi?"

"Ni mgeni, dada zangu. Anajifunza."

"Mwambie asukume kama amekula!"

"Nimekula!" akajibu Rais, huku akihema.

"Ndiyo tunaona hilo tumbo. Sukuma nalo!"

Ndivyo Mume Wangu alivyoingia mtoni, msomaji. Ochom alishindwa kumtupa, Rais akamsukuma. Maji yakafika ekzosi. Nusura alikuwa akisali na kutukana kwa pumzi moja. Matope ya Kenya yalikuwa mbele yao, karibu kabisa, na juu ya ukingo kulikuwa na kijia kinachotokea nyuma ya jukwaa lenyewe, ambako Alinga alikuwa akitangaza, kwa raha zake, kauli ya tisa.

"Tumefika, Mheshimiwa. Sukuma ya mwisho."

Matete yakatikisika.

Wakatokea askari wawili wa Kenya, bunduki begani, buti safi. Walikuwa wamesimama hapo tangu asubuhi, tangu amri ilipotoka, na Nusura na utingo wake ndio wa kwanza kupatikana. Nyuso zao ziling'aa kama za wavuvi waliovuta nyavu zikawa nzito.

"Simama hapo hapo! Magendo hayo!"

"Vijana," Rais akasema kutoka ndani ya helmeti ya waridi, maji yakimzunguka magotini, "tulieni. Ni mimi."

"Hata ukiwa nani!" akajibu yule mrefu, kifua mbele, kama anayesoma aya. "Hiyo ni kauli ya Rais mwenyewe. Na hiyo pikipiki ni kizibiti."

Akaingia majini, akamshika Mume Wangu kwa usukani.

"Mwambie wewe ni nani!" Nusura akalia, akivuta upande wake. "Vua hiyo kitu kichwani wakuone!"

Lakini juu ya ukingo, nyuma ya askari, walikuwa wameshatokea wapiga picha wote wa mkutano, wamemfuata Mulama aliyekuwa akimtafuta bosi wake kandokando ya mto. Kamera zikainuka. Akikaa na helmeti, Rais ni utingo wa magendo na Mume Wangu anaenda kituoni. Akiivua, nchi nzima itamwona ndani ya njia aliyoifunga kwa kinywa chake.

"Mheshimiwa!" Nusura akapiga kelele, vidole vikimteleza. "Mume wangu anaenda!"

Mkono wa Rais ukapanda polepole hadi kwenye kamba ya helmeti, ukaishika.